Unaishi Uingereza? Haya Ndiyo Maua ya Kupanda Kabla Baridi Haijaingia

Maua mengi ya kiangazi Uingereza hayafiki mbali baada ya Oktoba. Begonia zikipigwa na jalidi, yaani umande ulioganda, usiku mmoja tu zinalegea na kuoza. Lakini yapo maua yanayovumilia baridi na kuchanua hadi majira ya kuchipua. Kikubwa ni kuwahi.

Kwa nini uwahi?

Panda Septemba au Oktoba, udongo ukiwa bado na joto ili mizizi ishike. Katikati ya Desemba mchana wa London hautimizi hata masaa 8, na mimea karibu yote inasimama kukua. Mche mdogo ukiupanda wakati huo, unaweza kubaki vilevile hadi Machi.

1. Viola

Hili ndilo la kuanza nalo. Chagua zenye maua madogo, maana makubwa huchakazwa na mvua. Panda kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, na kata maua yaliyonyauka ili mengine yatoke. Kwenye baridi kali husinyaa, ila jua likitoka huinuka tena.

2. Primula

Inapenda udongo wenye unyevu na kivuli kidogo. Maua yake huonekana zaidi Februari hadi Aprili.

3. Erysimum

Usiitegemee kwa rangi ya Desemba. Hupandwa mapema, kisha huchanua Machi hadi Mei kwa rangi za njano, chungwa na nyekundu, tena inanukia vizuri.

4. Siklameni

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Zile kubwa zinazouzwa kwa ajili ya ndani ya nyumba hufa kwa jalidi. Kwa bustani, tafuta kibandiko kilichoandikwa Cyclamen coum. Hiyo huchanua katikati ya baridi.

Ongeza tulipu chini yake

Novemba, fukia vitunguu vya tulipu kina cha sentimita 15 hadi 20 katikati ya viola. Aprili vitatoboa juu, na kitanda kimoja kitakuwa na maua mara mbili. Vitunguu hivi vina sumu, kwa hiyo usiviweke jikoni karibu na vitunguu vya kula.

Maji nayo yanaua

Mimea mingi kwenye vyungu huoza mizizi kabla hata baridi haijaiua. Hakikisha chungu kina matundu, kiinue kidogo kutoka chini, na mwagilia pale tu udongo unapokauka.

Kabla ya kulipa

Chomoa mche taratibu uangalie mizizi: iwe myeupe na imejaa. Chagua wenye majani ya kijani na vichipukizi vingi vya maua ambavyo havijafunguka, hata kama wa pembeni yake umechanua zaidi.