Bunda Moja la Santuri

Nilikuwa darasa la tano siku dalali alipoingia sebuleni kwetu, Tanga, na daftari lake. Baba alikuwa amezidiwa na madeni. Redio ikaandikwa, kabati la vioo likaandikwa, kisha dalali akafika kwenye santuri za taarabu ambazo Baba alizikusanya tangu ujana wake. Akaandika: "Santuri, bunda moja." Baba alikuwa amekaa palepale. Hakusema kitu.

Niliikumbuka siku ile miaka mingi baadaye, niliposoma kuhusu orodha nyingine ya mali ya mtu aliyefilisika. Tarehe 25 na 26 Julai 1656, huko Amsterdam, karani alipita chumba hadi chumba katika nyumba ya mchoraji Rembrandt. Nyumba hiyo Rembrandt aliinunua mwaka 1639 kwa gilda 13,000, na hakuwahi kumaliza kuilipa.

Ulaya ya zama zile, wafalme na matajiri walikuwa na chumba maalumu cha vitu adimu: picha, sanamu, makombe ya baharini, silaha za nchi za mbali. Mgeni akikaribishwa humo alijua mwenyeji wake ni mtu wa daraja gani. Rembrandt, mtoto wa msaga nafaka wa Leiden, naye akajipangia chumba cha namna hiyo. Ila yeye alivitumia vitu vyake kazini. Mwaka 1650 alichora kombe moja kwenye bamba la shaba. Lilipochapwa kwenye karatasi, mzunguko wake ulitoka kinyume na wa asili, kwa kuwa uchapaji hugeuza kila kitu. Jina lake tu ndilo alilichora kinyume, ili lisomeke sawasawa.

Orodha ya karani ina vipengele 363. Mna vichwa vya makaisari wa Roma, mna kofia ya vita ya Kijapani, mna makombe. Mna pia majalada ya michoro, na hapo ndipo niliposimama. Karani ametaja yaliyo ya Raphael na yaliyo ya Lucas van Leyden, na kitabu cha Mantegna amekiita cha thamani. Karani wa mambo ya madeni angeyajuaje hayo? Naamini Rembrandt alikuwa pembeni yake, akimtajia jina kwa jina vitu vilivyokuwa vinamtoka mkononi.

Vikapigwa mnada. Mwaka 1658 nyumba nayo ikauzwa, kwa gilda 11,218. Leo ni makumbusho, na vyumba vyake vimepangwa upya kwa kufuata karatasi ileile iliyoandikwa ili vitu vitolewe.

Mwezi uliopita nilimpigia Baba simu, nikamwomba anitajie santuri zake. Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza na ya kwanza aliyoinunua, na duka alikoinunua, na aliyekuwa naye siku hiyo. Salio lilipokatika tulikuwa tumefika ya kumi na saba.