Sikio la makanika na kompyuta ya gari



Swali moja linarudi kila mara tukikutana: vijana wetu wa garaje wafundishwe kabureta ao kompyuta? Tuangalie kwanza historia. Nasema hapa juu ya gari za esanse. Za mazutu hazina kabureta.

Mwaka 1910 gari za Cadillac zilianza kutumia moto wa bateri uliobuniwa na Charles Kettering wa kampuni ya Delco. Ndiyo maana mupaka leo makanika wa kwetu wanaita chombo cha kugawa moto "deleko". Ndani yake mulikuwa platine. Zikiachana, koili inatuma moto kwenye bujie. Makanika alipima nafasi ya platine, karibu mm 0.4, akatafuta saa ya moto kwa balbu ndogo. Kisha alizungusha visi ya kabureta, akasikiliza mota, akafungua bujie. Ikiwa nyeusi, esanse ni nyingi. Ikiwa nyeupe, ni kidogo na mota inachemka. Ikiwa ya kahawia, kazi imekwisha.

Kwetu kazi hiyo ina ugumu wake. Milima ya Masisi inapita mita 2000, na huko hewa ni nyepesi karibu sehemu moja kwa tano kuliko pwani ya bahari. Kabureta haijui hayo: inatoa esanse kupita hewa iliyopo, na gari inapanda na moshi mweusi. Ukipunguza esanse mlimani, kisha ukashuka mupaka Walikale, hewa inaongezeka, esanse inapunguka, mota inapata joto. Dereva wa Land Rover ya zamani alipaswa kujua barabara na kujua visi.

Mwaka 1967 Volkswagen 1600 ilipata kompyuta ya Bosch ya kupima esanse. Mwaka 1979, kwenye BMW 732i, kisanduku kimoja cha Bosch kilianza kuongoza esanse na moto pamoja. Gari ya namna hiyo inapanda Masisi ikijipima yenyewe. Lakini kipimo kimoja kikiharibika, taa inawaka, na sikio peke yake halitoshi. Tangu 2001 gari mpya za esanse za Ulaya zina soketi ya pini 16: chombo kidogo cha kusoma kinaonyesha mahali pa kuanza kutafuta, tena kinapata umeme kwenye gari yenyewe.

Pikipiki za motari wetu ziko katikati. Boxer na TVS nyingi bado zina kabureta, lakini moto wao unatoka mu kisanduku cha CDI, hakina platine ya kupima.

Kwa hiyo jibu langu: vyote viwili. Vita vya 1993 na vilivyofuata vilitufukuza, na sanduku za vifaa ziliibiwa. Ufundi wa wazee haukuibiwa. Walikimbia nao, wakarudi nao. Lakini wazee hao wanapunguka kila mwaka.

Ninaomba tuwalipe wazee wawili ao watatu kidogo, wafundishe vijana kwa mota iliyo mezani. Na ninyi wafadhili, mukitafuta cha kututumia, tumeni chombo cha kusoma kompyuta. Kijana anayejua visi ataelewa haraka kile kompyuta inajaribu kufanya.