Kunguni kwenye godoro: waondoe bila sumu, na usiache chandarua

Kunguni hawaji kwa sababu nyumba ni chafu. Huletwa na mizigo: begi la msafiri, godoro la mitumba kutoka soko la Gitega au Muyinga, matandiko ya mwanafunzi anayerudi likizo kutoka shule ya bweni. Katika kambi kama Kinama, huko Gasorwe, nyumba zimekaribiana na kuta za udongo zina nyufa, kwa hiyo wakiingia kwako watamfikia na jirani. Mwambie mapema, bila haya. Mkisafisha siku moja, kazi itakuwa na faida.

Utajuaje kwamba ni kunguni?

Vipele peke yake havitoshi. Mbu na viroboto pia huacha vipele, na kuna watu wanaoumwa na kunguni bila kuota kipele hata kimoja. Amka usiku na tochi, ukague mishono na kona za godoro, viungo vya kitanda, chini ya mkeka na mikunjo ya chandarua. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hadi 7, ni bapa na wa rangi ya kahawia. Akishiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Tafuta pia madoa meusi kama ya wino, magamba waliyojivua, na mayai meupe ya milimita 1 hivi yaliyonata kwenye kitambaa au mbao.

Je, chandarua ndicho kinacholeta kunguni?

Hapana, ingawa wengi husema hivyo na wengine wamekiondoa kitandani. Kunguni hujificha tu kwenye mikunjo yake. Ni kweli kwamba dawa ya chandarua mara nyingi haiwaui tena: mwaka 2002 watafiti waliripoti kwamba kunguni wa vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania vilivyotumia vyandarua vyenye dawa walikuwa wamekuwa sugu kwa dawa za aina hiyo. Lakini chandarua kimewekwa kwa ajili ya mbu. Kunguni hajathibitika kuambukiza watu ugonjwa kwa kuwauma. Mbu huleta malaria, na mwaka 2017 Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria. Ukiacha chandarua umekimbia muwasho ukakaribisha homa. Kikung'ute juu ya beseni la maji ya sabuni, kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukianike kivulini. Usikichemshe wala kukianika juani, dawa yake itaharibika.

Usitumie petroli, wala dawa ya shambani

Petroli na mafuta ya taa kwenye godoro la sponji ni moto unaosubiri kiberiti au mshumaa. Dawa za nyanya na maharage, hasa zile zinazouzwa kwenye chupa ya maji isiyo na maandishi, hubaki kwenye sponji na mtoto huzivuta usiku kucha. Mtu akitokwa na mate mengi, akitapika, mboni za macho zikiwa ndogo sana au akipumua kwa shida baada ya dawa kupulizwa, mtoe nje, mvue nguo zilizolowa, umwoshe kwa maji na sabuni na umkimbize kituo cha afya. Nenda na ile chupa.

Joto ndilo linaloua

Kunguni na mayai yao hufa joto likifika nyuzi 50 na kudumu nusu saa. Maji yanayochemka huwaua papo hapo. Chemsha mashuka, foronya na nguo zinazovumilia. Fungua kitanda, mwagia maji ya moto kwenye viungo na matundu yote ya mbao, watoto wakiwa mbali.

Godoro ndilo gumu. Ukilimwagia maji ya moto, sponji haitakauka na itaoza. Sugua mishono kwa brashi ngumu, ukiwaangusha kunguni ndani ya beseni la maji ya sabuni, kisha pitisha kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa. Kulianika juani husaidia kidogo tu: kunguni huhamia upande wa kivuli, na Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako jua halichomi kama la Bujumbura. Vitu vidogo vikifungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani mchana wa kiangazi hupata joto zaidi. Ukiweza, shonea godoro mfuko wa kitambaa kizito usio na upenyo. Waliobaki ndani watakufa, lakini wanaweza kukaa miezi mingi bila kula, basi usiufungue kabla ya mwaka. Usitumie plastiki nyepesi kwenye godoro la mtoto mchanga, inaweza kumziba pumzi.

Ziba nyufa za ukuta kwa udongo, sogeza kitanda mbali na ukuta na usimamishe miguu yake ndani ya makopo yenye maji ya sabuni. Shuka lisiguse chini.

Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, kwa hiyo rudia kazi yote kila wiki, angalau mara nne. Godoro lisilofaa tena lichane kabla ya kulitupa, la sivyo mtu ataliokota na kulipeleka kwake. Vidonda vya kujikuna vikitoa usaha, au mtoto akionekana mweupe na mchovu, mpeleke kituo cha afya.