Bunduki ya Gesi Isiyoua: Kutoka Georgia Hadi Mugumu

Wadau, bunduki zote tunazozijua zina lengo moja: aliyepigwa asiinuke. Leo naomba tuiongelee ile ambayo aliyepigwa asipoinuka, mpigaji ndiye aliyeshindwa. Ni bunduki ya gesi inayorusha sindano ya dawa ya usingizi. Wengi wetu tumeiona kwenye tivii tu, lakini watu wa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, historia yao imeingiliana na chombo hiki kuliko wengi wanavyojua.

Kwanza tuwekane sawa. Wazo la kumwangusha mnyama kwa dawa halikuletwa na Mzungu. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme waliwinda kwa mishale ya sumu vizazi na vizazi kabla ya hifadhi ya Serengeti kutangazwa mwaka 1951. Kule Amerika ya Kusini nako watu walipuliza vishale vyenye sumu ya kurare kwa mirija. Kilichokosekana kote huko ni kitu kimoja tu: namna ya kumlaza mnyama kwa mbali, ukamaliza shida yako, halafu ukamwamsha.

Jibu halikutoka kwenye kiwanda kikubwa cha silaha. Miaka ya 1950, idara ya wanyamapori ya jimbo la Georgia, Marekani, ilitaka kukamata kulungu wakiwa hai ili iwapeleke kwenye misitu ambako walikuwa wamekwisha. Jack Crockford na wenzake wakachukua bunduki ya upepo, wakaanza kuifanyia ufundi ili irushe sindano badala ya risasi. Ilikuwa kazi kama ya gereji zetu za mtaani: kata hapa, unga pale, jaribu, ikigoma rudia. Dawa yao ya mwanzo ilikuwa ya nikotini, ndugu yake yule aliyemo kwenye sigara! Baadaye bunduki hiyo ikatengenezwa na kuuzwa kwa jina la Cap-Chur. Miaka hiyohiyo, huko New Zealand, mfamasia na daktari wa wanyama aitwaye Colin Murdoch naye alikuwa akiunda ya kwake.

Inafanyaje kazi? Nguvu yake ni gesi ya kaboni daioksaidi, ile ile inayotia mapovu kwenye soda, iliyoshindiliwa kwenye kichupa cha chuma. Ukivuta kifyatulio, vali inafunguka, gesi inatanuka na kuisukuma sindano kwenye mtutu. Nyuma ya sindano kuna kishada cha manyoya au nyuzi, ili iende imenyooka. Hadi hapo haina tofauti kubwa na bastola za watoto zinazorusha vishale vya sponji. Ujanja uko ndani ya sindano. Zile za Cap-Chur zilikuwa na baruti kidogo sana ambayo hulipuka sindano inapogonga ngozi, ikasukuma dawa. Za kisasa hutumia hewa iliyoshindiliwa: tundu la sindano liko ubavuni, limezibwa na kimpira, na kimpira hicho husogea sindano inapoingia kwenye nyama.

Lakini bunduki bila dawa sahihi ni bomba tu. Dawa ya suksinilkolini, iliyotumika sana mwanzoni, ililegeza misuli bila kumlaza mnyama, yaani alikuwa macho, anaona kila kitu, ila hawezi kujitikisa. Ukizidisha kidogo, anakufa kwa kukosa pumzi. Mkombozi alikuja miaka ya 1960: etorfini, maarufu kama M99, yenye nguvu maelfu ya mara kuliko mofini. Uzuri wake ni kwamba ina dawa ya kuiondoa. Mnyama huchomwa na baada ya dakika chache anasimama. Mmoja wa walioijaribu mapema kwa wanyama wakubwa alikuwa Toni Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Kenya. Kazi yake na mkewe Sue ndiyo iliyozaa kipindi cha tivii cha Marekani kiitwacho Daktari, kilichoanza mwaka 1966. Neno letu la Kiswahili likajulikana duniani kwa njia hiyo.

Miaka hiyohiyo ya 1960 bunduki ya sindano ikaingia Serengeti. Hans Kruuk akawawekea alama fisi, na George Schaller, aliyefika mwaka 1966, akafanya hivyo kwa simba. Kwa mara ya kwanza mtafiti aliweza kusema kwa uhakika kwamba simba huyu ni yule wa mwaka jana.

Haikuwa heri tupu. Mwaka 1991 mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa Serengeti walitoweka. Mtafiti Roger Burrows akadai kwamba kukamatwa, kuvishwa mikanda ya redio na kuchanjwa kuliwaletea msongo uliowapunguzia kinga. Wenzake wakapinga, wakasema ni maradhi. Waligombana miaka mingi, na mbwa mwitu walianza kurudishwa hifadhini kutoka Loliondo mwaka 2012.

Mwaka 1994 ndipo Mugumu inapoingia. Simba walianza kutetemeka kama wenye kifafa na kufa. Takriban 1,000 kati ya 3,000, yaani theluthi moja, walikwisha. Damu iliyochukuliwa kwa simba waliolazwa kwa sindano ikatoa jibu: virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Ushahidi ukaelekeza macho kwenye mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Simba na mbwa wa mzee wa Robanda walikuwa wanaugua ugonjwa mmoja!

Ugonjwa mwingine wa mbwa hao ulikuwa unatuua sisi: kichaa cha mbwa. Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa kampeni. Baada ya awamu ya kwanza kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70, baada ya ya pili asilimia 97, na watu waliohitaji kutibiwa baada ya kung'atwa nao wakapungua. Musoma, ambako chanjo hiyo haikufika, hali haikubadilika.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Simba wa Serengeti akiugua, dunia nzima inajua, na anapimwa damu. Mtoto wa kijijini aking'atwa na mbwa mwenye kichaa, ni nani anayejua zaidi ya mama yake? Takwimu za Mugumu zinaonyesha kwamba ukimchanja mbwa unamkinga mtoto. Tena chanjo ya mbwa haihitaji bunduki, gesi wala helikopta. Inahitaji sindano ya kawaida, barafu, na halmashauri inayokumbuka kurudi mwaka unaofuata.

Naomba kuwasilisha.