Baridi Yabisi: Historia ya Maumivu na Hali ya Hewa

Katika Kiswahili, maradhi ya maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi. Neno yabisi lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kavu. Jina hilo linahifadhi nadharia ya kale ya tiba iliyouhusisha mwili wa binadamu na hali ya hewa. Insha hii inaifuatilia nadharia hiyo hadi kwenye fibromialjia, yaani maradhi ya maumivu sugu ya mwili mzima yanayoandamana na uchovu na usingizi usioburudisha. Wengi wanaougua maradhi haya husema kwamba baridi na mvua huwazidishia maumivu. Hoja yangu ni kwamba historia ya kauli hiyo ni historia ya kumwamini au kutomwamini mgonjwa.

Tuanze na Wayunani. Katika karne ya 5 K.K., kitabu kuhusu hewa, maji na mahali, kinachonasibishwa na Hippocrates, kilimtaka tabibu anayeingia katika mji mgeni achunguze kwanza majira, pepo na maji yake. Katika karne ya 2 B.K., Galen aliueleza mwili kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Maarifa hayo yalitafsiriwa kwa Kiarabu, yakapangwa upya na wataalamu kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na msamiati wake ukafika pwani ya Afrika Mashariki. Katika tiba hiyo, mgonjwa aliyesema kuwa baridi inamuumiza hakumshangaza tabibu.

Mambo yalibadilika tiba ya Ulaya ilipoanza kudai ushahidi unaoonekana mwilini. Mwaka 1904, daktari William Gowers wa London aliyapa maumivu ya misuli jina la fibrositisi, akidhani kwamba yanatokana na uvimbe katika nyuzi. Uvimbe huo haukuthibitishwa. Katika miaka ya 1940, baadhi ya madaktari waliowatibu askari walidai kwamba maumivu ya aina hiyo yanatoka akilini. Jeraha lilipokosekana, neno la mgonjwa nalo lilishuka thamani.

Jina la fibromialjia lilianza kutumika mwaka 1976. Mwaka 1990, chama cha wataalamu wa baridi yabisi cha Marekani kilitoa vigezo: daktari abonyeze sehemu 18 za mwili, na angalau 11 ziume. Vigezo vya mwaka 2010 viliacha ubonyezaji huo, vikategemea zaidi maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Na hali ya hewa je? Mwaka 1996, Donald Redelmeier na Amos Tversky walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 18 wa viungo kwa miezi 15. Hawakuona uhusiano wowote. Walieleza kwamba akili ya binadamu huona mpangilio hata pale usipokuwepo. Mwaka 2013, utafiti wa Uholanzi kuhusu wanawake 333 wenye fibromialjia, waliofuatiliwa kwa siku 28, ulipata athari ndogo sana. Kisha mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walitoa matokeo kutoka kwa watu 2,658 nchini Uingereza waliorekodi maumivu yao kila siku kwa simu, wakiwemo wenye fibromialjia. Siku zenye unyevu mwingi hewani, mgandamizo mdogo wa hewa na upepo mkali zilihusishwa na maumivu zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa.

Matokeo haya hayampi ushindi upande wowote. Wastani mdogo haumaanishi kwamba mgonjwa anadanganya, kwani wastani huficha tofauti kati ya mtu na mtu. Wala imani ya mgonjwa peke yake haithibitishi kwamba mvua ndiyo chanzo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi wanafunzi wa historia tunafundishwa kuyapokea masimulizi ya wazee kama chanzo halali cha ushahidi, kisha kuyapima kwa vyanzo vingine. Mgonjwa anayemwambia daktari kwamba masika yanamtesa anastahili utaratibu uleule: asikilizwe kwanza, apimwe baadaye.