Je, Mikumi inaweza kusimama bila Kilosa?

Mikumi ina mbunge wake, lakini haina halmashauri yake. Majimbo ya Mikumi na Kilosa yote yako chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na mji wa Mikumi ni mamlaka ya mji mdogo ndani ya halmashauri hiyo.

Kumegwa si jambo geni huko: Gairo ilitoka Kilosa mwaka 2012 ikawa wilaya. Ilala nayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa. Uamuzi wa aina hiyo hutolewa na serikali kuu, si kwa kura ya wakazi.

Kwa mwananchi wa Mikumi faida iko wazi. Leo akifuata huduma makao makuu ya wilaya husafiri hadi Kilosa mjini, kupitia Ulaya (hii ni kata, si bara).

Ugumu uko kwenye fedha. Wengi hutaja kwanza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ila viingilio vya watalii haviendi halmashauri. Sisi tunaona tegemeo halisi ni ushuru wa miwa inayolisha kiwanda cha Ruembe, pamoja na nyumba za wageni na biashara za barabara kuu iendayo Zambia. Hivyo vyote viko kusini. Kilosa ingebaki na reli, mashamba ya mkonge na gharama za mafuriko ya mto Mkondoa.