Inzi bandia wa kuvulia: usiwachanganye na nyavu

Inzi bandia ni ndoano iliyofungwa manyoya na uzi kwa mkono ili ifanane na mdudu. Kenya ina mafundi wa kazi hii tangu zamani, na wateja wengi wako Ulaya na Marekani. Kwa anayevusha Busia, au Malaba kuelekea Tororo, tatizo huwa karatasi. Ndoano, mishipi na inzi hawa huingia forodhani kwa namba 95.07, nyavu ni 56.08. Ukiandika vyote "vifaa vya uvuvi", umempa ofisa sababu ya kufungua gari. Humo zikikutwa nyavu za monofilamenti, zilizopigwa marufuku Kenya na Uganda, hata mzigo halali hukwama. Mpe wakala wako hesabu ya inzi kwa dazeni, ndivyo wanavyouzwa.